Koti Kwanza, Baiskeli Baadaye

Kijiwe chetu kiko Amalemba, mbele ya banda la fundi baiskeli, na benchi lenyewe ni ubao wa trela la miwa ambao bado unanata ukipigwa na jua. Miaka hii miwa inalipa. Kila mkulima aliyelipwa amenunua baiskeli nyeusi, kisha akaja hapa kujaza upepo na kutuambia alivyo na mbio. Mimi ni Makhanu, lakini tangu mwaka jana hakuna anayeniita hivyo. Naitwa Vifungo, na jina nimelistahili. Wakulima wa miwa wana mashindano yao: kila mtaa hutoa mtu mmoja, anavuka Mto Isiukhu kwa kuogelea, anapanda baiskeli mpaka mjini, anamalizia kwa kukimbia. Zawadi ni fahali. Watu wa mtaa wa Matete wamechukua fahali mara tatu mfululizo, na mara zote tatu aliyewasindikiza ni mtu wa benchi hili. Mashindano ya safari hii ni Jumapili, na jana Masinde, kapteni wetu, alitaka jibu langu kabla jua halijazama.

– Vifungo, unaogelea ama huogelei? Matete wameshanunua kamba ya ng'ombe.

– Si uogelee wewe, Kapteni.

– Mimi mgongo umekataa. Were hapa, tumbo limekubali sana. Umebaki wewe tu. Ukikataa, Amalemba haina mtu.

– Mama mkwe wangu anakuja tena, nikasema. Siwezi.

Osundwa, anayetuuzia kahawa, alihamia hapa kutoka Mumias juzijuzi. Kisa hakuwa amekisikia.

– Kwani mama mkwe alikufanyia nini?

Were akaweka kikombe chini. Kisa hiki anakipenda kuliko chakula.

– Huyu alitoka majini wa kwanza! Matete hata haonekani. Anakimbilia baiskeli na ile kaptura yake ndogo, maji yanachuruzika, na nani amesimama pale kando ya baiskeli? Mama yake Rosebella!

– Aliyemzaa mke wangu, nikasema. Na mimi nusu uchi.

– Astaghfirullah, akasema Osundwa.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani hata wakiwa wamevaa vizuri. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye miwa mpaka mwenzake apite. Kusimama mbele yake na kaptura iliyolowa ni jambo la kuitishiwa kikao cha wazee.

– Sasa ukafanyaje?

– Nikampa mgongo, kwa heshima. Nikavaa.

– Shati?

– Shati. Suruali. Soksi. Koti la harusi.

– Koti la harusi lilikujanga mtoni kutafuta nini?

– La kupokelea fahali, bana! Nilikuwa nimelifunga kwenye keria.

– Akafunga vifungo vyote, akasema Were. Mpaka vya mkono! Matete anapita, Lugari anapita, hata yule mzee wa Isecheno anayeogelea na kofia anapita. Huyu bado anatafuta tundu.

– Tai sikuvaa, nikajitetea.

– Ilikuwa mfukoni, akasema Masinde.

Ilikuwa mfukoni kweli. Lakini mtu hachekwi na watu kama hawa akakaa kimya siku nzima.

– Na wewe Kapteni, mwaka wako? Ulipanda baiskeli stendi ikiwa chini, ukanyonga weee, gurudumu la nyuma liko hewani, watu wanashangilia wakidhani umeshaenda.

– Nilikuwa napasha misuli.

– Ulipasha mpaka Matete wakafika mjini! Na Were, aliyeogopa pampu yake kuibwa, akaogelea nayo mgongoni. Akatoka, akajazia gurudumu Isiukhu yote.

– Lilipata uzito mzuri, akasema Were. Kwenye mteremko hakuna mtu angenishika.

– Kutoka mtoni hakuna mteremko. Ni mlima mtupu.

– Ndiyo maana hamkuona.

Masinde akapiga ubao kwa kiganja. Ya zamani yaishe, akasema, tutafute dawa ya mama mkwe.

– Rahisi. Ogelea na koti.

– Likijaa maji litanizamisha, Kapteni.

– Basi jipake matope, akasema Were. Utoke mweusi tii, asijue ni wewe. Afikiri ni Matete.

– Ashangilie Matete?

– Mimi nasema tupange trela mbili za miwa, akasema Osundwa. Moja huku, moja huku. Unavalia katikati.

– Na baiskeli nitaitolea wapi?

– Chini ya trela.

– Mtumie ujumbe Lugari kuna mgonjwa, akasema Were. Aende huko Jumapili yote.

– Nimuue mtu kwa mdomo kwa sababu ya ng'ombe?

Masinde akapiga ubao tena, na Masinde akipiga mara ya pili ndipo hatari inakuja.

– Sikieni. Kesho unamrudisha Rosebella kwao. Jumatatu unamchukua tena. Jumapili huyo mama si mkwe wako, ni mama tu wa watu. Unapita na kaptura yako bila wasiwasi.

– Hiyo haiko katika dini yoyote, akasema Osundwa.

– Ni ya siku moja tu!

Aibu iliyoje, nilianza kuifikiria njia hiyo. Ni hapo nilipomwona Jael, dada mdogo wa mke wangu, amesimama nyuma yetu na beseni la nyanya kichwani. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alitusalimu wote kwa adabu.

– Shemeji, mama amenituma. Jumapili anakuja. Anauliza asimame wapi.

– Asimame wapi kufanya nini?

– Kukuona. Mwaka jana alipojua ni wewe unatoka majini, alijifunika leso uso, akakimbilia kwenye miwa akakaa chini. Alisikia tu watu wakicheka, hakujua ni nini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na hakukuona hata kidogo. Sokoni anawaambianga watu mkwe wake ana mbio, lakini yeye mwenyewe hajaziona.

Kumbe vile vifungo vyote nilikuwa naifungia miwa. Na mama wa watu yuko ndani yake, amejifunika, anangoja nipite.

– Sasa nimwambie asimame wapi?

Masinde akamtazama Were. Were akamtazama Osundwa. Osundwa akainamisha birika, likatoa mashapo matupu. Tulikuwa na njia za kumficha, za kumdanganya, za kumpeleka Lugari, hata za kumtaliki binti yake. Mahali pa kumsimamisha hatukuwa napo.

– Mwambie nitaogelea, nikasema.

– Hilo sikutumwa kuuliza, shemeji, akasema Jael, akatua beseni chini, akangoja.