Winfried Kuhlmey na Mechi ya Mei 1998

Winfried Kuhlmey hakuuawa na pombe. Aliuawa na saratani ya kongosho, na daktari aliyemtibu yupo humu kanisani. Mwenye shaka na amuulize. Wala siku timu yake ya soka, Hüllbeck, iliposhuka daraja hakuwa amelewa. Mkewe, Roswitha, ameandika maneno haya na kumpa shemeji yake ayasome, kwa sababu ameyavumilia ya mitaani miaka ishirini na sita, na leo hataki uongo uzikwe pamoja na mumewe kana kwamba ulikuwa wake.

Alizaliwa Herne tarehe 9 Februari 1951, mtoto wa pili wa Alfons, mchimba makaa, na Hedwig. Alisoma hapohapo, kisha akajifunza ufundi wa mashine mgodini. Baba yake alifuga njiwa wa mashindano. Jumapili moja Winfried aliikosa mechi ya vijana akimsubiri njiwa aliyechelewa kurudi. Kocha alimweka benchi mwezi mzima. Njiwa akatua Jumatatu, hoi. Winfried alisema hata leo angemsubiri.

Mwaka 1970 alisajiliwa na Hüllbeck, akacheza beki wa kati mpaka goti lilipomkatalia mwaka 1983. Alisomea ukocha Cologne na kufaulu vizuri sana, jambo ambalo waliomwita mbumbumbu wa mgodini hawakulitaja hata mara moja.

Alimwoa Roswitha Ebbers, mwalimu wa Kilatini, Ijumaa tarehe 5 Aprili 1974. Isingewezekana Jumamosi, kulikuwa na mechi.

Sasa siku yenyewe, Mei 1998, yeye akiwa kocha wa Hüllbeck. Hüllbeck ilihitaji sare tu ibaki daraja la pili. Wachezaji wa akiba walikuwa wameshaingia wote waliopaswa kuingia. Kipa, Torben Wiechers, kijana wa miaka ishirini na moja, aligongana na mshambuliaji, akainuka, akasimama golini. Winfried alimfuata kwenye mwamba wa goli, na Torben akamuuliza, “Kocha, mechi inaanza saa ngapi?”

Msaidizi wake, Plaschke, alimsihi amwache, dakika zilizobaki ni chache, kijana si amesimama?

“Ligi nitaipigania tena mwakani,” Winfried alimjibu. “Mama yake nitamwambia nini?”

Akamtoa. Beki wa kushoto akavaa glavu, wakabaki kumi, wakafungwa, wakashuka. Waandishi walipomuuliza, alisema amekosea, basi; kichwa cha Torben hakukitaja. Torben hakuwa na mkataba wa msimu uliofuata, na hakuna klabu ambayo ingemchukua kipa mwenye kichwa kibovu. Winfried alipigiwa simu akafukuzwa kabla nyasi hazijakauka, na hakupata tena timu ya maana. Torben alipona, akadaka miaka kumi na moja zaidi.

Mji ukaamua kwamba kocha alikuwa chakari. Dukani kwa mwoka mikate mwanamke aliyekuwa akiuza alimuuliza Roswitha mbele ya foleni, “Bi Kuhlmey, mzee siku ile alikunywa ngapi?”

“Vikombe viwili vya kahawa,” alijibu. “Nami nipe mikate minne, tafadhali, na chenji yangu bila hadithi.”

Winfried aliugua Machi mwaka huu na kufariki nyumbani tarehe 11 Oktoba 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wawili, Anke na Jörn, wajukuu watatu, na kaka yake Manfred anayewasomea haya. Ardhi ya Hüllbeck, aliyoikimbia na kuilowesha jasho, imlaze kwa utulivu.

Klabu iliomba kuweka bendera yake juu ya jeneza. Mjane amekataa. Torben Wiechers aliomba kuwa miongoni mwa wabebaji, naye amekubaliwa. Kwa nini Torben alinyamaza miaka yote hiyo, watoto walimuuliza mama yao, akawaambia hilo halizungumzwi mezani kwake. Nanyi mtakapokuja kunywa kahawa ya msiba, msimuulize mjane. Hatajibu.