Mawe ya Mama Clarisse

Benchi letu liko kando ya kibanda cha kahawa cha Mama Kaswera, kwenye barabara ya kwenda Kibati. Upande mmoja ubao umelika, na huo ndio upande wa Papa Valentin. Ameukalia miaka na miaka. Paulin tunamwita Enjenieri, kwa sababu aliwahi kuwabebea waashi maji na tangu hapo hajatupumzisha. Kambale tunamwita Mazuku, jina la ile hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu, maana kwake kila kinachokufa kimeuawa nayo. Mimi ni wa kunywa na kusikiliza. Asubuhi hiyo Papa Valentin alifika na samaki aliyekufa ndani ya mfuko, akamweka chini, akakaa.

Bwawa lake tulilijua wote. Marehemu mkewe, Mama Clarisse, alilijenga nyuma ya nyumba, akasimamisha pembeni pipa lililojaa mawe ya volkano. Pampu ndogo ya sola ilipandisha maji machafu, yakapita katikati ya mawe, yakaanguka tena bwawani yakiwa safi. Tangu tumzike, Papa Valentin ndiye mtunzaji, na samaki wanakufa tu.

— Zimebaki mbili, alisema.

— Papa, hiyo ni mazuku, alisema Mazuku. Inatokaka chini, inalala juu ya maji. Samaki akivuta, kwisha.

— Kama ni mazuku, vyura vingekufa mbele ya samaki, alisema Enjenieri. Shida ni pipa. Inaangalia Nyiragongo. Maji inaogopa volkano, haipite muzuri. Ugeuze pipa iangalie ziwa.

— Maji inaogopa? aliuliza Mazuku.

— Maji iko na akili kukupita.

Mama Kaswera alikuwa akimimina kahawa. Naye hakukubali kupitwa.

— Zile samaki zilitoka Vitshumbi. Ziko nalilia kwao. Mutu aende azisemeshe Kinande.

— Kila asubuhi, alisema Enjenieri. Na kwa sauti, sababu maji inazibaka masikio.

Tulicheka. Papa Valentin hakucheka.

— Mi siko muvivu, alisema. Kila samedi, wiki kwa wiki, natosha mawe yote kwa pipa, nasugua na sabuni, natia javel ya kung'arisha nguo, nasuuza mpaka inang'aa. Clarisse mwenyewe angeona, angeshangaa.

— Basi ongeza javel, alisema Enjenieri.

— Nimeshaongeza.

Akazungusha kikombe mkononi bila kunywa.

— Kwa nyumba kumenyamaza sana. Ile maji ikianguka, naonaka kama angali kule nyuma, anaosha sahani. Sasa samaki zikiisha, pampu nitamuwashia nani?

Nilimhurumia mzee yule, nikatamani mtu aseme upuuzi mwingine wowote, haraka.

Aliyesema alikuwa Victoire, mama mmoja kutoka Masisi aliyehamia mtaani juzi. Alikuwa amesimama tu akingoja kahawa yake.

— Pole, papa. Javel inauaka, hata ile yenye kuishi kwa mawe. Na mama, yeye alikuwa anatiaka javel?

Papa Valentin aliweka kikombe chini. Akamtazama Enjenieri. Enjenieri akanitazama mimi, nami nikamtazama Mama Kaswera, aliyekuwa jirani ya marehemu ukuta kwa ukuta. Akatikisa kichwa: hakujua.

— Nilimuonaka anainama kwa pipa, alisema Papa Valentin polepole. Beseni ilikuwa. Ndani ya beseni mulikuwa nini, sijui.

— Haukumuuliza? aliuliza Victoire.

— Yeye alikuwa ananiita. Kila samedi. Njoo uone, Valentin. Mi namuambia, nakuya.

— Na ulikuwa unaenda wapi, papa?

Papa Valentin alishusha macho kwenye ule ubao uliolika, akaupapasa kwa kiganja.

— Hapa, alisema.

Mama Kaswera aliinamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe cha Victoire. Hakikutoka kitu.