Kamba na Jiwe Haviingii Kaburini

Ndugu, jamaa, majirani, wenzangu wa soko la samaki, na ninyi wavuvi mliosimama kule nyuma karibu na lango, anayewasomea ni mdogo wangu, mjomba wa marehemu, lakini maneno ni yangu mimi mama mzazi, niliyaandika jana mchana kwenye meza ya mizani, na nimemwomba ayasome kama yalivyo asiongeze lake, maana tunamjua. Historia hii ni fupi kuliko inavyostahili, kwa sababu leo Jumamosi tarehe 19 Julai 2014 ziwa limetulia, utulivu huu hautavuka kesho jioni, na mwenzake aliyekuwa naye mtumbwini bado yumo majini.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 1986, saa kumi na moja alfajiri, katika zahanati inayotazamana na gati la zamani, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu na wa kiume peke yake, uzito wake kilo mbili na nusu, nami kama karani wa mizani naweza kusema kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kuwa mtu mzito. Jina tulilompa mimi na baba yake mnalijua wachache, wengi wenu mlimwita Pima, na mwenyewe aliliitikia hilo upesi kuliko letu, basi nami nitamwita hivyo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1993 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1999, akaingia kidato cha kwanza Januari 2000, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alipokuwa kidato cha pili mwalimu wa jiografia alichora ramani ya ziwa ubaoni, Pima akanyoosha mkono, akauliza mbona ramani inaonyesha upana lakini haionyeshi kina, mwalimu akamjibu, "Basi nenda kapime, ukirudi utatufundisha," na darasa zima likacheka. Jumamosi hiyo alifungua kamba yangu ya kuanikia nguo, akaipiga fundo kila pima moja, yaani kila urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, akafunga jiwe mwishoni, akaomba apakiwe kwenye mtumbwi wa kwanza aliouona, na nguo zangu nikazianika ukutani wiki nzima. Baba yake, mshona nyavu, aliiona ile kamba akamwambia, "Ziwa ni tumbo la mtu mwingine, wewe utajuaje lililomo," kisha akamwonyesha fundo lisilolegea likilowa. Baba huyo alifariki tarehe 2 Novemba 2001, na shule ya Pima iliishia mwezi huohuo.

Kazi ya uvuvi aliianza Januari 2002 kwa nyavu alizoachiwa na baba yake, akaifanya miaka kumi na miwili na nusu, na katika miaka hiyo alijaza madaftari kumi na mawili, moja kila mwaka, yote yako kabatini kwangu, la mwaka huu alikuwa nalo mfukoni. Chini ya jiwe alipaka sabuni ya kufulia, ambayo ilikuwa sabuni yangu, ili ipande na chembe za huko chini, ajue kama ni mchanga, tope au changarawe, na jiwe likitoka majini alilibandika shavuni kupima ubaridi wake, na nilipomuuliza sabuni zangu zinakwenda wapi alinijibu, "Ziko ziwani, mama, zinafua."

Nitayasema aliyoyaandika kwa kifupi, kwa sababu wengi mliyacheka na wengi mliyafuata kimyakimya. Aliandika kwamba wakati wa mvua kubwa mito inapoleta tope, kambale hupanda kwenye midomo ya mito kutaga, na anayetega pale anakula mbegu ya mwaka kesho, kwa hiyo yeye alihamia upande wa mawe, maji yakiwa safi, akavua kwa ndoano. Aliandika kwamba joto likikaza maji hulala kama shuka mbili, ya juu ya moto na ya chini ya baridi isiyo na hewa, na samaki hukaa katikati, pima sita au saba, ndiyo maana nyavu za kukita chini hupanda tupu wakati huo na mtu akarudi akimsingizia jirani yake uchawi. Na aliandika kwamba baridi ikiingia na upepo wa kusini ukavuma siku tatu mfululizo, shuka ya chini hupanda na ya juu hushuka, yaani ziwa hupinduka, na jiwe la kilindini likishapata joto sawa na maji ya juu, hapo ndipo limemaliza na mtu anaweza kutoka, kabla ya hapo upepo husimama asubuhi ukarudi mchana na hasira zake.

Mwaka 2005 alipata mwenzake wa mtumbwi, kijana tuliyemwita Debe, na kama ilivyosemwa debe tupu haliachi kuvuma, ila huyu alivuma hata akiwa ameshiba, mama yake mwenyewe, fundi cherehani ninayepakana naye ukuta, husema alizaliwa akibishana na mkunga. Debe ndiye aliyekuwa akiwatangazia watu sokoni, "Mwenzangu hamvui samaki mpaka amuulize kwanza hali ya hewa ya kwao," na siku samaki wakijaa ndiye huyohuyo aliyetangaza kwamba kina chote amekipima yeye. Miaka tisa walitoka pamoja na kurudi pamoja.

Pima alifunga ndoa tarehe 12 Septemba 2009 na binti aliyekuwa akipasua samaki meza ya tatu kutoka yangu. Wiki mbili alisimama mbele ya meza yake akimuuliza walichokula samaki na kama wana mayai, na binti akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama yule kijana ni mzima. Nikamwambia ni mzima ila ni mwanangu. Baada ya ndoa mkewe ndiye aliyejaza kurasa za matumbo ya samaki, na ndiye mtu pekee baada ya mwenyewe anayejua kusoma mafundo ya ile kamba kwa kidole bila kutazama. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 2010, yupo pale mapajani mwa shangazi yake.

Sehemu ya ugonjwa sina cha kuandika, hakuugua.

Kuhusu kifo chake nitasema yote. Upepo wa kusini ulianza Jumapili tarehe 6 Julai, ukavuma siku tatu, Jumatano tarehe 9 asubuhi ukasimama, na samaki wakapanda juu midomo wazi wakitweta, mtu aliweza kuwachota kwa kikapu. Ilipofika saa tatu mitumbwi mitatu ilikuwa imekwisha kupima kwangu na kutoka tena. Pima alikuwa ametoka alfajiri kupima kilindini, akarudi na kamba mbichi begani na mtumbwi mtupu, akaja mpaka kwenye mizani jiwe likiwa shavuni, akaniambia, "Mama, jiwe bado ni baridi, ziwa halijamaliza, mchana upepo utarudi, tutatoka keshokutwa." Mimi nilikuwa nimesimama tangu giza halijaondoka, miguu imevimba, foleni imefika mlangoni, nikamjibu mbele ya watu wote, "Wenzako wanajaza, wewe unapapasa mawe. Jiwe halipikwi." Watu wakacheka, Debe naye akacheka, akamshika bega, akasema, "Twende, bwana, mizani imeshanena." Pima aliweka kamba na jiwe juu ya meza yangu, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu, wakatoka.

Upepo ulirudi saa nane mchana. Mitumbwi mingine ilikimbilia nyuma ya kisiwa kidogo, wa kwao ulionekana mara ya mwisho saa nane na robo karibu na mwamba mrefu, wote wawili wakivuta wavu.

Nimeyaandika haya kwa sababu kwa siku kumi nimesikia nyuma ya mgongo wangu na wa mama Debe kwamba vijana hawa walikuwa na pupa. Hawakuwa na pupa. Mmoja alipima na kukataa, nami nilimtoa, na wa pili alimfuata mwenzake.

Siku saba mlitafuta upande wa kaskazini ulikokwenda upepo, na tarehe 11 mkaupata mtumbwi na kafi moja kwenye matete, basi kila mtu akaamini nao wako hukohuko. Jumatano alasiri, tarehe 16, mkewe alifungua daftari la mwaka 2008, ukurasa wa Julai, akasoma kwamba kinachoelea huenda na upepo, lakini kilichozama hurudi kinyume polepole, kwa sababu maji ya juu yakisukumwa kule ya chini hayana budi kurudi huku. Pima alilijua hilo kwa kuzamisha madumu madogo yenye maji na mchanga kidogo, yaliyopakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba, miaka mitatu mfululizo, yale mliyokuwa mkimrudishia mkimwambia uchafu wako tumeuokota, na kila alipookotewa moja aliandika tarehe na mahali. Kutoka mwamba mrefu mpaka mdomo wa mto wa zamani aliandika siku nane. Alhamisi tarehe 17, siku ya nane, saa nne asubuhi, mlimpata mdomoni mwa mto wa zamani, pima sita chini, hatua chache kutoka alama aliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi.

Sasa wavuvi nisikilizeni. Wavu wao haujaonekana, na tunaamini Debe amezongwa nao. Daftari la mwaka 2010 linasema kitu kilichozongwa na wavu wenye vyuma huchukua siku kumi au kumi na moja, nacho hakifiki mtoni, hunasa kwenye nguzo za gati lililobomoka. Leo ni siku ya kumi. Daftari hilohilo linasema upepo ukigeuka, na mkongwe yeyote hapa atawaambia utageuka kesho jioni au keshokutwa, maji ya chini huanza kurudi kilindini, na kilindini kamba ya Pima yenye mafundo arobaini haikuwahi kugusa chini. Mama Debe amekaa hapa mstari wa mbele. Siku zote hizi amekuwa akinichotea maji na kunifulia, na usiku naisikia ng'ambo ya ukuta cherehani yake ikienda bila kitambaa, wala hajaniuliza swali hata moja. Leo mimi nina cha kuzika, yeye hana. Dada yangu, sina neno la kukuambia ambalo halijachelewa, lakini hili halijachelewa bado.

Kwa hiyo hatutakaa matangani leo. Tukitoka makaburini chakula kimefungwa kwenye mifuko, kila mtumbwi na wake, mafuta ya mashine yako barazani kwangu kwenye madumu manne, mitumbwi saba imejiandikisha, na saa tano kamili iwe imetoka. Wenye hotuba ndefu, naomba mtusamehe, mtazisoma siku nyingine.

Familia inamshukuru daktari wa hospitali aliyempokea, kwa kuniambia ukweli nilipomuuliza na kwa kutoniambia zaidi ya nilichouliza, inawashukuru majirani waliolala chini kwenye sakafu yetu siku zote hizi, wenzangu wa sokoni walioshika mizani nami sikuwa na mikono, nahodha wa mtumbwi mwekundu ambaye hajalala kitandani tangu tarehe 9, na mwalimu wa jiografia aliyekuja jana, akayafungua madaftari moja baada ya jingine, na alipofika la mwisho akaomba ruhusa aichore upya ile ramani.

Wazee wa ukoo walishauri kamba na jiwe viwekwe naye jenezani, kwa kuwa vilikuwa vyake. Nawaheshimu, lakini nimekataa. Vinakwenda kazini. Mkewe atakaa mtumbwi wa mbele, kamba mkononi, atawaonyesha pa kuzamia.

Na haya nimeyaongeza asubuhi hii: alfajiri ya leo nahodha wa mtumbwi mwekundu alinipakia mpaka mwamba mrefu, nikalizamisha jiwe mimi mwenyewe mpaka fundo la mwisho, nikalipandisha, nikaliweka shavuni. Lina joto kama maji ya juu. Safari hii sijamtuma mtu kabla ya kupima.

Tulia sasa, mwanangu, kazi yako umeimaliza, tunakwenda kumleta mwenzako.