Kwaresima Iliyonifikisha Kiembe Samaki

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mie ni Bi Skola wa jumuiya ya Mwanakwerekwe, wengi mnanijua kwa ukali. Sikusoma sana, basi nnasema kama nnavyojua. Nnamshukuru Mungu kwa Kwaresima iliyopita, maana ndiyo iliyonivunja.

Kufunga hakujawahi kunishinda. Tangu Jumatano ya Majivu sili nyama, chai siweki sukari, tambuu naacha. Kwenye Njia ya Msalaba nipo mstari wa mbele, na anayechelewa namkata jicho mpaka akose pa kukaa. Nilijiona nimefika. Kumbe moyo ulikuwa jiwe.

Nna binti mmoja, nilimbatizisha Veronika. Akaolewa na Mwislamu, akasilimu, akaitwa Zaituni. Nikasema sina mtoto wa jina hilo. Alipojifungua sikwenda. Akipiga simu, nikisikia "Mama, ni Zaituni," nnakata. Ndugu zangu, majirani zangu Waislamu nnakula nao sikukuu na kucheka nao. Mwanangu ndiye aliyenishinda.

Nikaenda kuungama zile dhambi zangu za kila mwaka, hasira na kusengenya. Padri akaniuliza kama nna ugomvi na mtu. Nikamweleza habari za binti yangu, tena kwa kujisifu, nikidhani atanipongeza kwa kuitetea dini. Kisha akanipa malipizi: niende kwake, nimwite kwa jina lake. Nikauliza jina lipi. Akasema, "Lile analoitikia."

Angenipa rozari mia ningezimaliza. Hili nilizunguka nalo mpaka Juma Kuu likakaribia. Mwisho nikaenda Kiembe Samaki, anakokaa kwa wakwe zake, nikapiga hodi. Akatoka mama mkwe wake, hatujawahi kuonana. Nikasema nnamtaka Veronika.

"Hapa hakuna Veronika, bibi," akasema. "Labda nyumba ya nyuma."

Nikamshukuru, nikageuka. Niseme kweli, nilifurahi. Nikajiambia malipizi nshayatimiza, nimekwenda na hayupo. Nilipofika barabarani miguu ikakataa. Yule mama hakunidanganya. Aliyemo mle ndani ni yule niliyemkana mwenyewe. Nikasali pale pale juani: Bwana, ufungue mdomo huu.

Nikarudi, nikapiga hodi tena. "Nnamtaka Zaituni," nikasema. "Mie mama yake."

Yule mama akanishika mkono akaniingiza ndani. Mwanangu alikuwa jikoni, mikono ina unga, anatayarisha futari, maana mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilikwenda pamoja. Nikamwita mwenyewe, "Zaituni." Akatoka, akanitazama, akaubusu mkono wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kumwambia mtoto. Tukalia. Kisha tukangoja adhana, sote na njaa zetu, tukafuturu mkeka mmoja. Mjukuu wangu nilimpakata siku hiyo kwa mara ya kwanza, na meno ashaota.

Yeye ni Mwislamu, mie Mkatoliki, na tunasalimiana kila siku. Pasaka alinijia na sinia la biriani. Nikala, nikamkaripia chumvi imezidi. Ukali haujaisha wote, Mungu anaendelea nao.

Ndugu zangu, kila mtu anajua kumpelekea Mungu dhambi anayoionea aibu. Mpelekeeni na ile mnayojisifia. Mimi yangu niliiita dini, ikaninyima mtoto. Mungu amenirudishia, nami nnashukuru. Mtumainini, hata wewe unayejiona umefika.