Mchicha wa Majini

Katika bajaji ya Ujiji, Winfrida alikaa kati ya kijana muuza miche na mama aliyepakata ndoo ya mchicha ulionyauka. Mama alikuwa ametoka kumtafuta bwana shamba, asimpate.

"Umeupanda kwenye maji matupu, mama?" kijana aliuliza.

"Ziwa lilimeza bustani yangu. Nikasema, kama maji hayaondoki, basi nilime humo humo."

"Ila umejaza ndoo pomoni. Mizizi nayo hupumua, mama. Ungeiachia nafasi kidogo juu."

"Nafasi! Mimi ziwa limeniachia nafasi gani?"

Kijana, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu walipopandia kituo cha Rusimbi, akaanza kupanga upya miche yake miguuni.

Bajaji ikasimama pale barabara inapoingia ziwani. Mama akashuka, akajitwika ndoo, akapandisha kitenge magotini, akaingia majini kuelekea kwake.