Mama Aliyefunga Makaburi ya Zamani

Marehemu mama yetu, ambaye mji mzima ulimwita Bibi Brashi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa nne wa mwashi, na binti wa kwanza. Bibi aliyemzaa alikuwa akisema kwamba alikuja duniani amekunja ngumi, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumkunjua.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na soko, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1969. Alijifunza kupiga chapa, na mwaka 1973 akaajiriwa na halmashauri ya mji kama karani. Miaka mitano baadaye alihamishiwa idara ya makaburi. Wenzake walimpa pole, maana ilijulikana kuwa ni adhabu ya kumbishia mkubwa. Naye alikuwa amembishia kweli.

Alikuta makaburi ya zamani yamemezwa na magugu, mbuzi wakilala juu ya watu walioanzisha mji huu, na vibarua wakisugua mawe kwa brashi za waya na asidi mpaka majina yanafutika. Brashi zile alizitupa siku hiyo hiyo.

"Jiwe la zamani huogeshwa kama mtoto mchanga," aliwafokea. "Maji, brashi laini na subira. Anayetaka kusugua, akasugue masufuria kwao!"

Baba yetu alikuwa fundi bomba wa halmashauri. Walikutana kwenye bomba la makaburini, ambalo mwaka ule liliharibika kupita kiasi, na kila mara aliyekuja kulitengeneza alikuwa yeye. Nani alikuwa akiliharibu, mpaka leo hatujui. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1980, wakajaliwa watoto watatu. Baba alifariki ghafla Agosti 1996, akazikwa kule kule makaburi ya zamani, karibu na ukuta wa mashariki. Pembeni yake Mama aliacha nafasi, na kila mtu alijua ni ya nani.

Lakini makaburi yaliyozidi kuchimbwa katikati ya yale ya kale yalilegeza udongo, mawe yakaanza kuinama na kuanguka. Mwaka 2004 Mama mwenyewe alipendekeza asizikwe mtu tena pale, na halmashauri ikakubali, ikatenga makaburi mapya hapa tulipo. Watu walinong'ona kwamba atajibakizia nafasi yake. Mjane mmoja, mshona nguo, alimfuata ofisini akilia. Alitaka siku yake ikifika alazwe kando ya mumewe, aliyezikwa kule. Mama alimkatalia.

"Na wewe mwenzangu, utalala wapi?" mjane alimuuliza.

"Huko huko nitakakokupeleka wewe," Mama alimjibu.

Mshona nguo alitangulia mwaka 2011, akazikwa hapa makaburi mapya. Mama alistaafu mwaka huo huo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alitibiwa hospitali kuu, akiuguzwa na binti yake mdogo. Huko wodini ndiko mwenyekiti wa halmashauri alikomletea ruhusa ya kuzikwa kando ya Baba, kwa heshima ya kazi yake. Kaka yetu aliipokea kwa mikono miwili. Mama alifumba macho, tukadhani anasali.

"Mrudishie," alisema.

"Mama, baba yetu atalala peke yake?"

"Namtaka kuliko mnavyomtaka nyinyi. Ila yule mshona nguo nilimpa neno langu."

Akageukia ukutani, akalia. Hatukuwa tumemwona akilia tangu tumzike Baba.

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Februari 2024. Hatutaficha: ruhusa ile hatukuirudisha. Mpaka jana tulikuwa nayo, na tulibishana sana, kwa sababu sisi ni watoto na tulitaka wazazi wetu walale pamoja. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Lakini huyu alikuwa ameshajibu. Kwa hiyo tumemleta hapa, na mioyo inatuuma.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba na mdogo wake wa kike. Ameacha pia mume, ng'ambo ya mji, na nafasi iliyo wazi pembeni yake.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Lala, Mama. Umetushinda.