Bi Nyoosha na Shuka za Wodi ya Wazazi

Leo ni Alhamisi, tarehe kumi na tisa Machi. Asubuhi imeamka na mawingu mepesi, upepo wa wastani, na jua limechungulia mapema. Wanaofua nguo wanaijua siku ya namna hii. Shuka hukauka kabla ya saa sita.

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Tunamkumbuka mama mmoja aliyempigia Mungu magoti kwa kila siku kama hii. Wengi walimwita Bi Nyoosha. Alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia katika hospitali kuu ya mji wetu. Alifariki dunia Jumapili, akiwa na miaka sabini na mmoja, na jana tumemzika.

Jina hilo alipewa na wenzake. Shuka ikitoka kwenye pasi kubwa huku imejikunja kidogo pembeni, aliirudisha. "Nyoosha," alisema. Hakuongeza neno. Binti yake mkubwa anasema, "Hata sisi watoto tulisikia hilohilo mezani. Mgongo wangu huu ulionyooka ni kazi ya mama."

Aliingia kazini akiwa msichana, hajui kusoma. Alijifunza baadaye sana, akiwa na watoto wanne, katika darasa la jioni, mikono bado inanuka sabuni. Alisema alimwomba Mungu subira ya herufi, na alipewa.

Sasa, wasikilizaji, katika chumba kile shuka pana haikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika ncha, huivuta, kisha husogeleana mpaka mikono ikutane. Mwishoni ukingo mmoja huchomekwa ndani ya mwingine, furushi lisifunguke kwenye toroli. Mkunjo huo ulikuwa wa chumba kile peke yake. Na aliyekunja pamoja na Bi Nyoosha, miaka nenda miaka rudi, alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake.

Mnaikumbuka kura ile ya maoni. Nchi ilikuwa imeelemewa na madeni. Wadai wa nje walikubali kutukopesha tena, lakini kwa masharti. Pensheni zipunguzwe. Bei ya maji ipande. Hospitali za serikali ziache kupika na kufua, na wagonjwa waje na shuka zao. Narudia: wagonjwa waje na shuka zao. Serikali ikatuuliza sisi wananchi. Ndiyo, au Hapana.

Bi Nyoosha alikuwa wa Hapana. Wifi yake alikuwa wa Ndiyo. Na shuka zilikuwa zinawasubiri.

"Wewe juzi tu umejua kusoma," wifi alimwambia, "leo unataka kumjibu bwana mkubwa wa ng'ambo?"

"Kwani kaniuliza kitu kigumu? Kaniuliza kama nakubali. Vuta ncha yako hiyo."

"Navuta. Na wakikasirika?"

"Wakikasirika watanuna. Mbona wewe hununa kila mwisho wa mwezi na tunakula nawe?"

"Wifi, usinichekeshe. Mwanangu je? Sindano zake za sukari zinatoka kwao."

Hapo Bi Nyoosha aliacha kuvuta. Kijana wa wifi alikuwa na kisukari tangu utotoni. Benki zilikuwa zimefungwa wiki ile, na kwenye maduka ya dawa foleni zilifika barabarani. Hofu ya wifi haikuwa ya kubuni. Bi Nyoosha aliijua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyembeba kijana yule mgongoni alipokuwa mdogo.

Binti yake anakumbuka: "Mama alirudi amechoka kuliko siku za mvua. Akasema, namtaka wifi upande huu, lakini siwezi kumdanganya kwamba dawa itakuja."

Basi waliendelea kukunja. Walibishana wakiwa mbali, na kadiri walivyosogeleana sauti zilishuka. Mikono ilipokutana walikuwa kimya. Kisha wakarudi nyuma, wakaanza upya.

Hospitali haikungoja kura. Siku chache kabla, wodi ya wazazi ilianza kuyajaribu masharti yale. Asubuhi moja wifi alisukuma toroli kwenda wodi nyingine, akapita mlango wa wazazi. Alimwona msichana amelala juu ya godoro tupu la plastiki, mgongo umeligandia. Mtoto wake wa siku moja alikuwa amefungwa ndani ya blauzi ya mama yake. Wifi alisimama. Akatoa shuka mbili kwenye toroli, akamtandikia, akamfunika mtoto. Muuguzi wa zamu alimtazama, akageukia dirishani kana kwamba hakuona kitu.

Aliporudi hakusimulia. Alishika ncha yake ya shuka, akasema, "Leo tukunje tu, wifi." Bi Nyoosha alipata habari baadaye, kwa muuguzi. Naye hakuuliza.

Siku ya kura, kabla ya kutoka nyumbani, Bi Nyoosha alipiga magoti, wanawe nyuma yake. Binti yake ameyashika maneno yale: "Baba, kama tunakosea, utuadhibu sisi wakubwa. Usiwaguse wachanga, wala mtoto wa wifi yangu."

Wakapiga kura, wanawake sita wa chumba cha kufulia, katika shule iliyo nyuma ya hospitali. Kituo kilifungwa saa kumi jioni. Kura zilihesabiwa palepale, darasani, na watu walichungulia madirishani. Msimamizi alikuwa mwalimu wa hesabu. Alizifungua moja moja, akainua, akasoma. Hapana. Ndiyo. Hapana.

Mara akakwama. Karatasi haifunguki. Akaigeuza, akaivuta pembeni.

"Hii nayo nani kaifunga kama furushi?"

Dirishani watu walicheka. Karatasi ilikuwa imekunjwa kama shuka, ukingo ndani ya ukingo. Wanawake wa kufulia walitazamana. Mikono ilikuwa imefanya ilivyozoea, na siri ya kura imekwenda. Nadhani Tume ya Uchaguzi itatusamehe, ni miaka mingi sasa.

Mwalimu aliifungua. "Hapana."

Ikaja ya pili yenye mkunjo ule. Hapana. Ikaja nyingine, na nyingine. Zilipofika tano, zote Hapana, Bi Nyoosha aliona wifi yake anatazama viatu vyake. Ilibaki moja. Ndiyo na Hapana za kawaida zilisomwa, watu hawakuzisikiliza tena. Kisha mwalimu akatabasamu, akachokonoa ukingo kwa kucha.

"Hapana."

Bi Nyoosha alimgeukia wifi yake.

"Usinitazame," wifi alisema. "Ni mazoea ya mikono."

"Kukunja ndiyo mazoea. Alama je?"

Wifi alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Alama ni ya yule msichana wa wodini," alisema.

Usiku uleule, redio hii ilitangaza: nchi nzima imesema Hapana. Barabara zilijaa. Wapishi wa hospitali waligonga masufuria, madereva walipiga honi, na wanawake sita walipita katikati wakipunga shuka nyeupe, wakimshukuru Mungu kwa sauti.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Dawa zilichelewa. Bi Nyoosha na wifi yake walizunguka mji mzima kutafuta sindano, na hawakuzikosa hata siku moja. Kisha wadai walirudi mezani, na masharti yakalegezwa. Chumba cha kufulia hakikufungwa. Narudia kwa furaha: hakikufungwa. Na kijana yule leo ni fundi wa majokofu, baba wa watoto wawili. Jana alibeba jeneza la shangazi yake.

Kwa wanawe, wajukuu, wifi yake na wote wa chumba cha kufulia, poleni sana. Mola awafariji. Na sisi tunaosikiliza, tujiulize leo: tukiulizwa kama tunakubali, tunamkumbuka nani kabla ya kujibu?

Jana kaburini, baada ya dua, wifi aliomba nafasi. Ana miaka sitini na tisa, na sasa ndiye anayewafundisha wasichana wapya kazi. Alisimama mbele ya ndugu, wauguzi na mganga mkuu wa hospitali. Hakulia.

"Wifi," alisema, "maadamu nina nguvu ya kusimama, hakuna mzazi atakayelala juu ya godoro tupu katika hospitali ile. Mganga mkuu yuko hapa, amenisikia. Hawa wote wamenisikia. Naahidi."